Juu ya Presha, Usingizi na Sanduku la Huduma ya Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi na ndugu wa huduma ya kwanza. Tumeombwa tuyaandike hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mwenyekiti ametutaka tuseme juu ya afya. Kwanza tuseme sisi ni nani, asije mtu akadhani tumejifanya madaktari. Sisi ni wafanyakazi wa reli kama ninyi: mmoja wa karakana, wawili wa yadi, mmoja wa gengi. Tawi lilitutuma tukafundishwa huduma ya kwanza, tukarudi na cheti na sanduku. Tunajua kufunga kidonda, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa kibao, na kumlaza vema mtu aliyezimia. Zaidi ya hapo kazi yetu ni kumfikisha mtu kwa daktari upesi. Lakini mtu akishika sanduku lile, watu humwambia mambo. Tumesikia mengi usiku katika yadi, na hayo ndiyo tuliyokuja kuyasema, bila majina.

Tulipoanza tulidhani tutaitwa kwa vidole vilivyobanwa na vumbi la kokoto machoni. Hayo yapo. Lakini mara nyingi zaidi mtu huja ameshika kiuno, au kichwa, akasema, "Ndugu, huna kidonge?" Hatuna. Sanduku la huduma ya kwanza si duka la dawa. Basi ndugu huyo huenda kwenye kibanda nje ya geti, akanunua vidonge viwili au vitatu vilivyokatwa kwa mkasi kutoka karatasi yake, havina jina wala maelezo, akavinywa kwa chai, akarudi kazini. Kesho yake vivyo hivyo. Wako ndugu wa gengi ambao wameishi hivyo kwa miaka mingi, maana mgongo uliobeba mataruma tangu ujana hauna siku ya kunyamaza.

Jambo hili lilitusumbua, tukamwuliza mwuguzi aliyetufundisha. Alitujibu maneno ambayo hatukuyatazamia. Alisema vidonge vingi vya maumivu vya namna hiyo, kama diklofenaki na ibuprofeni, huondoa maumivu kweli, lakini hufanya mwili ushike chumvi na maji, na presha hupanda. Tena huumiza figo, na zaidi kwa mtu anayetoka jasho kutwa nzima juani bila kunywa maji. Tena kama mtu huyo yuko katika dawa ya presha, vidonge vya mgongo hupunguza nguvu ya dawa ile. Yaani mtu ananunua dawa mbili kwa jasho lake, na moja inapigana na nyingine tumboni mwake. Hatusemi mtu avumilie maumivu. Twasema mgongo unaouma kila siku ni habari ya kupeleka kwa daktari, si kwa mwenye kibanda, na daktari aambiwe kila kidonge mtu anachomeza, hata kile cha shilingi kumi.

Hapo ndipo tulipoanza kufikiri juu ya presha.

Dereva ye yote wa hapa anajua geji ya breki. Hawezi kuondoa treni stesheni kabla hajaitazama. Sasa mwili nao una kompresa, ndiyo moyo, na una bomba, ndiyo mishipa. Mkipimwa mtaambiwa namba mbili. Ile ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ile ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa ya juu imefika 140, au ya chini imefika 90, na ikarudia hivyo siku mbalimbali, huo ndio ugonjwa wenyewe. Bomba la breki likivuja mtu husikia mlio wake. Presha haina mlio. Wengi husema, "Mimi kichwa hakiniumi, kwa hiyo sina." Si kweli. Mtu aweza kukaa nayo miaka kumi akila, akicheka, akiendesha treni, huku mishipa ya ubongo na ya figo inachakaa ndani. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata siku moja.

Tuna dereva mmoja mzee, mtu mpole, aliyewafundisha madereva vijana wengi waliomo humu ndani. Yeye mwenyewe ametutuma tuseme habari yake. Mzee huyu alijua ana presha. Alipimwa kwao alipomsindikiza mama yake zahanati, akaandikiwa dawa. Alifanya nini? Alizinywa dawa zile majuma machache kabla ya kupimwa na daktari wa kazi, akapita, kisha akaziacha mpaka mwaka mwingine. Hakumwambia mtu, hata mama watoto. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amemwona mwenzake akiteremshwa kwenye injini kwa ajili ya presha, akapewa meza na daftari la kuandika namba za mabehewa. Mshahara ulibaki, lakini posho za safari zilikwisha, na posho hizo ndizo zilizokuwa zikilipa karo. Mzee akafanya hesabu yake. Watoto wawili walikuwa sekondari.

Asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, mkono wa kulia ukakataa. Kiharusi. Leo yuko nyumbani. Anatembea na fimbo na maneno hutoka upande mmoja wa kinywa. Tunapomtembelea huuliza ni dereva gani aliyepita usiku, maana alisikia honi na akadhani aliijua mkono wake. Mke wake alituambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema, "Angeniambia tu, tungekula ugali na mboga miaka yote hiyo, wala nisingelalamika."

Na sasa aibu yetu wenyewe. Tawi lilipochanga fedha tukanunua mashini ya kupima presha, sisi wanne tuligawana zamu ya kuwapima watu. Mmoja wetu alikuwa hodari kupita wote. Alijua kufunga kile kitambaa cha mkononi, alijua kumtuliza mtu mwenye hofu, aliandika namba kwa mwandiko mzuri. Lakini tulipojipima sisi kwa sisi, kila mara alikuwa na sababu. Leo amekunywa chai. Leo amepanda ngazi. Leo hakulala. Ilipita miezi mitatu. Siku moja tulimkalisha kitini kama mtoto anayekatwa nywele, mashini ikasema 168 juu na 104 chini. Akanyamaza. Kisha akasema, "Nilijua." Mtu huyo yuko hapa mbele yenu pamoja nasi, na leo hii anakunywa dawa kila asubuhi, hata siku anayojiona mzima. Hapo ndipo wengi hukosea: mtu akishuka mpaka 130 huacha dawa akidhani amepona, kumbe ameshuka kwa ajili ya dawa.

Tukajiuliza sisi kwa sisi: ikiwa mtu wa sanduku la huduma ya kwanza anajificha, nani hatajificha? Basi si ujinga. Watu hapa si wajinga. Ni woga, na woga huu una asili yake. Reli hii ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, Wahindi walioletwa kwa kazi hiyo waliandikwa 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao kwa sababu miili yao ilikuwa imekwisha. Mwili ukikwisha, mtu alipakiwa merikebuni, akaletwa mwingine. Hatusemi mambo ni hivyo sasa. Wazee wetu wa chama hawakupigana bure. Lakini mtu wa reli bado anaamini moyoni kwamba siku atakayosema "naumwa" ndiyo siku atakayotolewa. Ataamini hivyo maadamu anaona mwenzake akipoteza posho kwa kusema kweli. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jitunze" ni kumpa maneno matupu.

Tusemeni sasa juu ya usingizi, maana hapa kila mtu ana malalamiko, na sisi pia.

Mtu wa ofisi akichoka hulala usiku. Sisi tuna rosta. Juma hili asubuhi, juma lijalo usiku, tena mara nyingine mtu anaitwa kabla hajamaliza mapumziko yake kwa sababu mwenzake hakufika. Mwili una saa yake ndani, nayo hufuata jua, haifuati rosta. Ndiyo sababu kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri kila shanta anajua jinsi macho yanavyokuwa mazito hata akiwa amesimama. Watafiti wa Australia walipima mwaka 1997, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe ya kiasi ambacho nchi nyingi humkataza dereva kushika usukani. Mtu akija kazini amelewa, hupulizishwa alkoblo na kurudishwa nyumbani. Akija hajalala, hupewa taa na redio na kuambiwa aharakishe. Tungependa kuiona mashini ya kupuliza usingizi, na tungependa waanze nayo kwa yule anayeandika rosta.

Tena Shirika la Afya Duniani, kwa idara yake ya utafiti wa saratani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007, na tena mwaka 2019, katika mambo ambayo yaelekea huleta saratani kwa mwanadamu. Hatusemi haya ili kuwatia hofu. Treni zitaendelea kwenda usiku. Twasema ili mtu anayelala mchana asiitwe mvivu nyumbani kwake.

Maana twajua nyumba zetu. Chumba kimoja, bati juu, saa nne asubuhi joto limeingia, watoto wako mlangoni, jirani amefungua redio. Mtu hulala saa tatu, akaamka na hasira, akagombana na mama watoto, akarudi kazini. Hapa tuna mambo machache tuliyoyajaribu sisi wenyewe. Blanketi zito dirishani husaidia kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu giza huudanganya mwili. Simu iwekwe mbali na kuzimwa. Anayetoka zamu akaanza kusoma habari za simu kitandani hupoteza saa nzima. Chai na kahawa ziachwe saa sita kabla ya wakati wa kulala. Tumbo lisijazwe sana, lakini lisilale na njaa. Na kabla ya zamu ya usiku, usingizi mfupi wa dakika 20 au 30 una faida kubwa. Katika ploti moja wanakokaa wenzetu, wake zao walipatana kufunga kitambaa chekundu mlangoni pa mtu aliyetoka usiku. Watoto wote wa ploti wanajua: kitambaa kikiwapo, mpira unachezwa upande wa pili. Sisi hatukuwafundisha hilo. Wao ndio waliotufundisha.

Juu ya miraa tutasema kidogo, maana tunajua wengine wataanza kukunja uso. Hatukuja kumhukumu mtu. Wengine wetu tumetafuna. Kazi yake ni kufukuza usingizi, nayo huifanya, lakini hupandisha presha na mapigo ya moyo, na zamu ikiisha inakataa kuondoka. Mtu anafika kitandani macho yake yangali wazi kama taa za mbele. Kisha zamu ya pili hawezi bila miraa tena, kwa sababu hakulala. Mwenye presha, tunamwomba kabisa aache.

Chakula tupite upesi. Chumvi yote ya siku, ile ya ndani ya mchuzi na ile ya kunyunyiza, isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Atakayepima chumvi ya sahani moja ya chipsi ya pale kwenye kibanda atashangaa. Maharage, sukuma wiki na ndizi si chakula cha maskini peke yake. Na maji yanywewe kabla kiu haijafika, hasa ndugu wa gengi na wa karakana. Wanaofanya kazi katika kelele wakumbuke kwamba kanuni za mwaka 2005 zinakataza mtu kuwekwa katika kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, na vizibo vya masikio hutolewa na tajiri, havinunuliwi na mfanyakazi.

Tulipokuwa shule ya misheni tulisomeshwa habari za nabii Eliya, alipochoka akakaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika alipokuja hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha akampa tena chakula, ndipo akamwambia habari ya safari. Tulipokuwa watoto tulipenda zaidi habari ya moto ulioshuka mlimani. Siku hizi tukitoka zamu ya usiku tunaipenda hii ya mkate.

Sasa juu ya chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inampa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Akiwa amefanya kazi miezi miwili mfululizo na akaugua, akaleta hati ya daktari, ana haki ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, hata kama hakuna mapatano mengine, na mapatano mema huongeza juu ya hapo. Tunawaomba wanaouza likizo zao wafikiri tena. Tunajua fedha ile inaingia wapi, lakini mwili haukupata sehemu yake.

Vilevile sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo 2007, inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, nayo iwe na watu wa upande wetu. Kamati ya hapa ipo kwa karatasi. Ilipokutana mara ya mwisho walizungumza juu ya kofia na viatu, jambo jema, lakini rosta haikutajwa. Tunataka itajwe. Tunataka kila zamu iliyovunja saa za mapumziko iandikwe, na kitabu hicho kiwekwe mezani mbele ya kamati.

Na katika mapatano yajayo tunawaomba wakubwa wa chama wapeleke jambo moja mbele ya mengine. Mtu akionekana na presha, au sukari, au macho yaliyopungua, akateremshwa kwenye injini au kuondolewa yadi kwa muda ili atibiwe, asipoteze wastani wa posho zake kwa miezi ya matibabu, na akipona kwa maneno ya daktari arudishwe mahali pake. Wengine watasema fedha hakuna. Sisi twasema wahesabu gharama ya treni moja inayoongozwa na mtu anayejificha. Tusidai hili kwa madereva tu. Pointimani na mkaguzi wa mabehewa nao wana posho, nao wana woga.

Wakati tunangoja mapatano hayo, tumefanya patano letu dogo. Daftari la presha liko mikononi mwetu wanne tu. Halipelekwi ofisini, haliachwi mezani, na hakuna mtu atakayesomewa namba yake mbele ya mwingine. Lakini mtu akikutwa na presha kubwa sana tutakwenda naye zahanati siku hiyo hiyo, tukae naye mpaka aonwe, na kama anatakiwa kumwambia mkubwa wake, mwakilishi wa chama ataingia naye mlangoni. Tumeshafanya hivyo kwa mtu mmoja. Ilikuwa vigumu, na bado shauri lake halijaisha, lakini hakuingia peke yake.

Mashini itakuwa katika chumba cha chama Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, kutoka saa mbili asubuhi. Njoo na shati lenye mkono unaokunjika. Usinywe chai wala kuvuta sigara nusu saa kabla, pitia chooni kwanza, kisha utakaa kimya dakika tano, miguu chini, ndipo tukupime mara mbili. Waliotoka zamu ya usiku watapimwa mbele ya wengine wote, ili wawahi kwenda kulala.